Adhabu ya kifo: inatumika kwa nini?



Leo tunazungumza juu ya neno zito. Mtu aliyepoteza mtoto au mume kwa panga anasema: muuaji naye afe. Hatumlaumu. Uchungu wake ni wa kweli. Lakini tumuulize kwa heshima: hukumu ya kifo ingekufanyia nini? Watu hutaja mambo matatu: kulipa damu, kuogopesha wengine, na kulinda raia. Tuangalie historia yetu wenyewe.

Tarehe 2 Juni 1966, Mobutu aliwanyonga hadharani Kinshasa watu wanne waliokuwa wakubwa wa serikali: Kimba, Bamba, Mahamba na Anany. Kesi yao ilikuwa ya haraka sana. Kusudi lilikuwa kuogopesha. Je, nchi iliogopa? Mwezi uliofuata, askari waliasi Kisangani. Mwaka wa 1967 maaskari wa kukodiwa waliuteka Bukavu.

Mwaka wa 1997 ikaja Mahakama ya Amri ya Kijeshi. Iliweza kuhukumu hata raia, na aliyehukumiwa hakuwa na nafasi ya kukata rufaa. Ilivunjwa mwaka wa 2003, lakini vita vya wakati huo havikumalizwa na risasi za hukumu zake. Toka 2003 hukumu za kifo ziliendelea kutolewa bila kutekelezwa.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 2 Januari 2014 Kanali Mamadou Ndala aliuawa karibu na Beni. Kesi ilifunguliwa Beni mwezi wa kumi, na mwezi huohuo mauaji ya raia yakaanza kuzunguka mji. Mwezi wa kumi na moja Luteni-kanali Birotcho Nzanzu alihukumiwa kifo. Mauaji hayakusimama.

Mwingine atajibu: ni kwa sababu hukumu hazikutekelezwa. Ndivyo Serikali nayo ilivyofikiri tarehe 13 Machi 2024 ilipoondoa zuio hilo. Lakini kumbuka mwaka wa 1966: siku ile ilitekelezwa mbele ya umati wa watu.

Tarehe 3 Julai 2024, mahakama ya kijeshi ya Butembo iliwahukumu kifo askari 25, walioshitakiwa kukimbia mbele ya M23. Kesi ilichukua siku moja. Wake zao wanne waliachiliwa kwa kukosa ushahidi. Fikiri, ndugu: ushahidi usingechunguzwa, wanawake wale wangekuwa wapi? Mtu wa gereza unaweza kumfungulia mlango ukigundua umekosea. Kaburi halina mlango. Tena, aliyekufa hasemi nani alimtuma, nani alimpa silaha, na maiti za watu wetu zilizikwa wapi.

Majirani zetu wamepita njia hiyo. Rwanda iliwapiga risasi watu 22 mbele ya watu mwezi wa Aprili 1998. Mwaka wa 2007 ikaifuta adhabu hiyo, ingawa vidonda vya 1994 vilikuwa bado. Waliofanya mauaji hawakusamehewa kwa hiyo: wengi walifungwa maisha.

Basi, ninyi wakuu wa mitaa na wa nyumba kumi, mkileta mtu mikononi mwa sheria, msiruhusu vijana wamchome njiani. Huyo naye amehukumiwa kifo, bila hakimu. Andikeni majina ya mashahidi, siku na mahali. Na ninyi wenye msiba, dai lenu lisiwe damu tu. Daini kesi ya wazi, mtetezi kwa kila mshitakiwa, rufaa, na malipo kwa mayatima. Katiba ya 2006 inasema mtu ni mtakatifu; haki ya kuishi na haki ya rufaa zimeandikwa humo.

Kisasi hushibisha siku moja. Ukweli ndio utakaowarudisha watu mashambani.

Amani iwe nyumbani mwenu, na mahali mlipopokelewa.