Mafunjo, Jani Lililobeba Injili

Nani kwetu asiyejua mafunjo? Katika maziwa ya Upemba, mahali Lualaba unapotanda, yafunika maji mpaka kufanya visiwa vinavyoelea. Twayafumia mikeka, twayaezekea vibanda, na mara nyingi twayang'oa ili tupate shamba. Kwa kuwa ni mengi, twayadharau. Basi tusikie yaliyowapata Wamisri, kwani kwao pia yalikuwa mengi.

Mafunjo ni jamaa ya ndago. Shina lao lina pande tatu, nalo laweza kufika meta 4 au 5. Wamisri wa kale walilimenya, wakapasua moyo wake vipande vyembamba, wakavilaza sambamba, wakatandika vingine juu yake kwa kukingama, wakavigandamiza na kuvikausha. Utomvu wenyewe ulikuwa gundi. Ndiyo karatasi yao. Mwaka 2013, karibu na Bahari ya Shamu, wataalamu walivumbua karatasi za namna hiyo zenye miaka 4.500 hivi: zaeleza safari za mashua zilizopeleka mawe ya piramidi kubwa.

Sisi Wakristu tuna deni kwa mmea huu. Kitabu cha Kutoka chasimulia namna mama yake Musa alivyomlaza mtoto katika kikapu cha mafunjo. Neno Biblia latoka katika jina la Kigiriki la mafunjo, na neno letu karatasi asili yake ni jina la Kigiriki la ukurasa wa mafunjo. Wakristu wa kwanza walinakili Injili juu yake. Tangu mwaka 2006 Maktaba ya Vatikano yatunza kurasa za mafunjo zenye sehemu kubwa za Injili ya Luka na ya Yoane, zilizoandikwa yapata miaka 1.800 iliyopita. Hata Mababa Watakatifu waliandika barua zao juu ya mafunjo mpaka karne ya 11.

Kisha Waarabu wakaeneza karatasi ya namna nyingine, waliyojifunza kwa Wachina. Ilikuwa rahisi. Mafunjo yakakosa wa kuyatunza, mabwawa yakalimwa, na katika karne ya 19 mmea huo ulikuwa karibu kwisha Misri. Katika miaka ya 1960 Bwana Hassan Ragab, aliyekuwa balozi wa Misri huko Uchina, alilazimika kuleta mizizi kutoka Sudani na kuipanda upya kando ya Nili. Nchi iliyofundisha dunia kuandika juu ya mafunjo ilikwenda kuomba mbegu kwa jirani!

Sisi bado tunayo. Tusingoje yaishe. Tuyaache mahali pamoja bwawani, tena tuyapande kuwa pambo penye kidimbwi cha parokia. Kazi si ngumu: chukua kipande cha mzizi chenye chipukizi, kizike katika tope, penye maji machache na jua tele. Kama kidimbwi ni kidogo, panda ndani ya chungu, mizizi isije ikajaza pote. Mashina yakikauka, yakate chini kabisa, mapya yapate nafasi. Weka na samaki wadogo, wale viluwiluwi vya mbu.

Na watoto wakiuliza kwa nini twatunza jani la bwawani, tuwaambie: jani hili lilibeba Neno la Mungu.