Vyura wa mitini: kufanana si kurithi

Leo naweka programu kando kidogo, ingawa mtaona kwamba nimeishia palepale.

Mwaka 1758 Linnaeus, Mswidi aliyeeneza mtindo wa majina mawili ya kisayansi, alimwita chura wa mtini wa Ulaya Rana arborea. Mwaka 1768 Laurenti akamwekea jenasi yake, Hyla. Baadaye vyura wengi wa Amerika wenye vidole vya kunata wakatumbukizwa humo, hadi jenasi ikafikisha mamia ya spishi. Mwaka 2005 Julián Faivovich na wenzake walichunguza DNA na kuigawanya.

Sasa turudi nyumbani. Pwani ya Kenya wapo vyura watatu ambao wewe na mimi tungewaita ndugu, kwa kuwa wote hupanda miti: Hyperolius, Leptopelis na Chiromantis. Chiromantis hutaga mayai ndani ya povu juu ya maji, na jamaa zake wengi wako Asia. Leptopelis aliwahi kuwekwa familia moja na Hyperolius. Mwaka 2006 Darrel Frost na wenzake, katika kazi kubwa iliyotegemea DNA, walimhamishia familia ya Arthroleptis, vyura wadogo wanaoishi chini kwenye majani makavu. Kwa hiyo hao watatu wako familia tatu tofauti.

Kwa lugha yetu ya kazi: klasi tatu zina uwezo uleule wa kupanda(), lakini hazikuurithi kwa mzazi mmoja. Kila ukoo uliuandika wenyewe, kwa sababu tatizo lilikuwa moja. Aliyepanga kwa kutazama vidole alisoma matokeo tu, hakusoma historia ya mabadiliko.

Je, ni ubishi wa majina tu? Hapana. Mwaka 1975 Arne Schiøtz alimtambua Hyperolius rubrovermiculatus, chura mwenye michirizi myekundu kama minyoo, kutoka Shimba Hills, Kwale. Hajulikani kwingine duniani, na IUCN imemweka kati ya walio hatarini kutoweka. Angeendelea kuhesabiwa kama chura mwingine tu wa matete, msitu wake ungeweza kukatwa na orodha isionyeshe kilichopotea. Rekodi isiyo na kitambulisho chake haiwezi kuulizwa, na huwezi kurudisha usichojua ulikuwa nacho.

Basi ukisikia vyura usiku baada ya mvua, usidhani ni ukoo mmoja. Mwaonaje wenzangu?