Desemba ya Wakurya: Sherehe ya Familia Inayofikiriwa Upya

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, Tanzania, Desemba ni mwezi wa Krismasi, lakini kwa koo nyingi za Wakurya ni pia msimu wa esaro, yaani sherehe ya tohara ambamo wavulana hutahiriwa na wasichana hukeketwa. Historia ya msimu huo inaonyesha kwamba sherehe ya familia haibadiliki kwa amri pekee, bali hubadilika pale wanaoiandaa wanapokaa pamoja na kukubaliana lipi lienziwe na lipi liachwe.

Tangu zamani, ruhusa ya kuanza esaro ilitoka kwa inchama, baraza la wazee wa mila wa ukoo, na koo nyingi zilizoea kuifanya katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Shule zilipoenea, likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ilifaa zaidi, kwa kuwa watoto wako nyumbani na vidonda hupata muda wa kupona. Msichana aliyetoka kwa ngariba husindikizwa na msafara wa ngoma, akiwa amevishwa kanga mpya, huku jamaa wakimtunza fedha na vijana wakicheza na mapanga mkononi. Tangu hapo huhesabiwa mtu mzima anayeweza kuposwa kwa mahari ya ng'ombe. Asiyekeketwa huitwa omosagane, jina la dharau linaloweza kumfuata hadi ukweni.

Mwaka 1998 Bunge lilitunga Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyofanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa linaloweza kumfunga mhusika miaka 5 hadi 15. Sheria hiyo iliwapa wasichana pa kukimbilia, lakini baadhi ya familia zilihamishia tendo hilo usiku au ng'ambo ya mpaka, kwa Wakurya wa Kenya, ambako nako lilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011. Tafiti za kitaifa za afya zilionyesha kuwa wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa walikuwa asilimia 32 mwaka 2015/16 na asilimia 28 mwaka 2022.

Njia nyingine ilikwisha kujaribiwa Tharaka, Kenya, mwaka 1996, ambako familia, zikisaidiwa na shirika la Maendeleo ya Wanawake, zilianzisha tohara ya maneno, yaani mafunzo ya utu uzima yanayofungwa kwa sherehe isiyo na wembe. Huko Masanga, Tarime, kambi za Desemba huwahifadhi wasichana, zikiwafundisha na kuwaaga kwa ngoma na vyeti. Mugumu, Serengeti, nyumba salama iliyofunguliwa mwaka 2014 kwa juhudi za Rhobi Samwelly huwapokea wanaotoroka. Msimu ukiisha, wazazi huitwa mbele ya polisi na maofisa ustawi wa jamii, wakatia saini ahadi kwamba binti hatakeketwa akirudi nyumbani.

Saini hiyo ni muhimu, lakini haitoshi ikiwa nyumbani binti atanyimwa zawadi, baraka za bibi na nafasi yake miongoni mwa wenzake. Ngoma, kanga, mausia ya wazee na karamu ya ukoo havihitaji damu ya msichana ili viwe na maana, na familia inayompa binti yake heshima hizo zote akiwa mzima wa mwili haijaikana mila ya Wakurya, bali imeilinda pamoja na mtoto ambaye mila hiyo ilikusudiwa kumlea.