Mama Kayai Anaitwa Nani?

Nikikuuliza Mary Khavere ni nani, najua utanikodolea macho tu. Sawa. Na nikisema Mama Kayai? Ehe! Sasa hivi umeshaona kitambaa kichwani, umesikia ile sauti, na Mzee Ojwang' yuko hapo kando na koti lake kubwa analalamika.

Basi Mary Khavere ndiye Mama Kayai wa Vitimbi. Na hiyo ya wewe kujua jina moja na kutojua lingine ndiyo imenifanya nikae chini niandike.

Turudi nyuma kidogo. Vitimbi ni kipindi cha miaka ya 1980, wakati Kenya ilikuwa na kituo kimoja tu cha tivi, Voice of Kenya. Kiligeuzwa jina kikawa KBC mwaka 1989, halafu KTN ikaingia 1990. Kabla ya hapo hakukuwa na kubadilisha chaneli. Mathe ananiambia hapa Mutuini walikuwa wanajazana kwa jirani mwenye tivi, watoto sakafuni, na ukipiga kelele unatolewa nje ukaangalie kupitia dirishani. Sisi tunalia eti YouTube haitusukumi. Huyu mama alikuwa anaingia kila nyumba yenye antena.

KBC iko Harry Thuku Road, hatua chache tu kutoka Kenya National Theatre iliyofunguliwa 1952. Enzi nikiwa bado chuo nilikuwa napita hapo na sishughuliki. Lakini angalia Vitimbi za zamani vizuri uone vile zinakaa jukwaa: kamera haina mbio, chumba ni kile kile, mwigizaji anabeba kila kitu kwa mwili na sauti. Watu husema Ojwang' ndiye alikuwa kichekesho. Mimi nakataa. Ojwang' anapayuka, kisha Mama Kayai ananyamaza, anamwangalia kutoka kichwa hadi viatu, na hapo ndipo unaanguka kwa kiti. Kunyamaza mbele ya kamera ni kazi ngumu, jaribu uone.

Halafu kuna hii. Ojwang', yaani Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Mary Khavere ni Mluhya. Wawili hao wakatengeneza bibi na bwana wa Kijaluo ambao nchi nzima iliwaamini kabisa. Hii nchi yetu, ambapo mtu husikia jina lako la pili na tayari ameshajua utapigia nani kura! Wanjau alipofariki Julai 2015, kuna watu walidhani mjane ni Mama Kayai. Wanjau alikuwa na mke wake nyumbani, na Khavere ana maisha yake. Lakini uigizaji ulikuwa umeshinda ukweli.

Sasa, hiyo sifa inalipa? Macho ya Mzee Ojwang' yalipoharibika, Wakenya walichanga pesa atibiwe. Mtu aliyechekesha taifa miaka yote hiyo, na tunamchangia kama jirani aliyelazwa. Sisemi ni fulani alimkosea. Hata dunia yenyewe ilikuwa imeamua hivyo: Mkataba wa Roma wa 1961, uliotungwa kulinda wasanii, una kifungu cha 19 kinachosema ukishakubali kurekodiwa kwenye picha, ulinzi wake kwako umeisha. Mwigizaji wa tivi aliachwa nje. Mkataba wa Beijing wa kurekebisha hilo ulipitishwa 2012, ukaanza kufanya kazi 2020. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi. Klipu za Vitimbi bado ziko mtandaoni, watu bado wanacheka.

Kwa nini hii inaniuma? Wale mmenifuata kutoka mwanzo mnajua yule mhusika wangu, shosho wa leso na rungu. Kwa steji ya hapa Mutuini hakuna makanga anajua jina langu, wote wananiita Shosho. Nilikuwa naringa nayo. Mwezi jana kampuni moja, siitaji, ikanitumia mkataba. Pesa ni poa, na kwa mtu aliyeacha chuo na bado analala kwa mamake, ni poa sana. Lakini ukurasa wa nne unasema jina la mhusika, sauti yake na mavazi yake vitakuwa mali yao. Milele. Hilo neno liko pale, nimelisoma mara tatu.

Nikamwonyesha mathe. Hakusoma ukurasa wa nne, alisoma ile ya pesa, akauliza nangoja nini. Nikamuuliza, mathe, Mama Kayai anaitwa nani? Akacheka, akasema si Mama Kayai tu. Nikamwambia Mary Khavere. Akalirudia polepole, "Mary Khavere," kama mtu anayejulishwa kwa mgeni. Alimwangalia huyu mama nusu ya maisha yake.

Mkataba bado uko kwa begi. Nimepiga mstari kwenye lile neno milele na Ijumaa nawarudishia hivyo hivyo. Wakikataa nitawaambia hapa hapa.