Chumvi ya Uvinza na zama za kati zilizosahauliwa Kigoma

Reli ya kisasa, SGR, inajengwa kutoka Tabora kuja Kigoma, na tawi lake limepangwa kuchepuka Uvinza kwenda Musongati, Burundi. Kabla kazi haijafika mbali, wana Kigoma tukumbushane: udongo wa Uvinza una historia kongwe kuliko reli ya Wajerumani iliyofika ziwani mwaka 1914, na kongwe kuliko Ujiji ya Livingstone na Stanley.

Zama za kati, yaani kati ya mwaka 500 na 1500 hivi, kwa muda mrefu zilisomwa vyuoni kama mali ya Ulaya: makanisa, wafalme na nyaraka za watawa. Kwetu mlango ulifunguliwa pwani, Neville Chittick alipoanza kuchimba Kilwa mwaka 1958. Mwaka 1961 Chuo Kikuu kilianza Dar es Salaam, na mwaka 1963 Terence Ranger akaja kufundisha historia.

Mwaka huohuo ukazuka ugomvi ambao wanahistoria wa Afrika hawajausahau. Hugh Trevor-Roper, profesa mashuhuri wa Oxford, alikuwa akitoa mihadhara juu ya kuinuka kwa Ulaya katika zama hizohizo za kati. Humo akadai kwamba Afrika haina historia ya kufundisha, ila ya Wazungu waliofika huku. Yaliyobaki ni giza, na giza halisomwi. Mwaka 1965 maneno hayo yakatoka kitabuni. Lilikuwa tusi, lakini lilivaa joho la kitaaluma: pasipo maandishi, hakuna historia.

Dar es Salaam ilijibu. Oktoba 1965 wanahistoria wa Afrika walikutana chuoni hapo, na mjadala ukawa juu ya mbinu: masimulizi ya wazee, ulinganisho wa lugha, akiolojia. Hata hivyo, kwa maoni yangu, jibu zito zaidi lilitoka mkoani kwetu.

Mwaka 1967 John Sutton na Andrew Roberts walichimba kwenye chemchemi za maji ya chumvi kando ya Mto Ruchugi, Uvinza. Walikuta vigae vya vyungu, majivu na mabaki ya mahali pa kuchemshia. Kipimo cha kaboni kikaonesha kuwa watu walichemsha chumvi pale tangu karne ya 5 au ya 6. Ripoti yao ilichapishwa mwaka 1968 katika jarida la Azania.

Kazi yenyewe inaeleweka kwa yeyote anayejua jiko la mafiga. Maji ya chemchemi yalitekwa, yakainjikwa vyunguni na kuchochewa moto wa kuni mpaka yakauke, chumvi ibaki chini. Kiangazi watu walitoka mbali, wakajenga vibanda, wakachemsha, na watemi wa Wavinza wakatwaa sehemu yao. Msafiri Mwingereza Burton aliikuta biashara hiyo ikinoga alipopita mwaka 1858. Viwanda vya Wajerumani viliikuta, havikuianzisha.

Baadaye UNESCO ilitoa majuzuu mawili ya historia ya Afrika ya karne ya 7 hadi ya 16, mwaka 1984 na 1988. Hapa Kigoma, hata hivyo, mgeni bado hupelekwa Ujiji kuoneshwa walipokutana Wazungu wawili mwaka 1871. Hilo lisifutwe, ila si haki lifunike kazi ya zaidi ya miaka elfu moja.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Vigae vya kale vya Uvinza vimo humo. Basi wajenzi wa reli, halmashauri na wataalamu wa mambo ya kale wakague ardhi kwanza ndipo waichimbe, na walimu wa Kigoma wawafundishe watoto zama za kati kwa kuanzia Uvinza.