Takwimu za Uchumi Zilivyotoka Mlimani Kuja Mtaani

Stendi ya Buzuruga, Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma, sera ya uchumi haihitaji kipaza sauti. Mafuta yakipanda bei, kondakta na abiria wanazozana nauli pale pale mlangoni mwa gari, na mama lishe anapunguza wali kwenye sahani ili bei ibaki ile ile. Mjadala huo una thamani sawa na ule wa bungeni. Kinachokosekana mara nyingi ni takwimu za kuusimamisha, na wapo watu waliotumia maisha yao kuzitafuta.

Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata Ofisi ya Utafiti wa Uchumi, ERB. Mtihani wake mkubwa ulikuja miaka ya themanini. Maduka yalikuwa matupu, sabuni na sukari vikipatikana kwa foleni, na mwaka 1983 serikali ikawasaka waliokuwa wakiitwa wahujumu uchumi. Mwaka 1984 wasomi wa Mlimani, kama chuo hicho kinavyoitwa, wakiwamo Ibrahim Lipumba, Samuel Wangwe na Lucian Msambichaka, waliitisha warsha ya kitaifa kujadili namna ya kutoka kwenye dhiki ile. Wakati huo kutaja kushusha thamani ya shilingi kulionekana kama kuusaliti Ujamaa.

Juni mwaka huo huo, Waziri wa Fedha Cleopa Msuya alisoma bajeti iliyoshusha shilingi, ikaondoa ruzuku ya sembe na kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata. Shinikizo la Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa kubwa, na mkataba nalo ulifuata mwaka 1986. Hata hivyo, wasomi wetu ndio waliowezesha jambo hilo kujadiliwa na Watanzania wenyewe, kwa hoja zao.

Soko likafunguka, na taasisi za utafiti nje ya chuo zikazaliwa: ESRF mwaka 1993, Wangwe akiwa mkurugenzi wake wa kwanza, kisha REPOA mwaka 1994. Huo ndio wakati wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, na Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza kikapoteza ukiritimba wake. Mkulima wa Usukumani aliyaona mageuzi kwenye mizani kabla hajayasikia kwenye ripoti. Ripoti zenyewe ziliandikwa zaidi kwa Kiingereza na kusomwa Dar es Salaam.

Mwaka 2009 Rakesh Rajani, ambaye awali alianzisha hapa Mwanza kituo cha Kuleana cha watoto wa mitaani, aliunda shirika la Twaweza. Kuanzia 2013 mpango wake wa Sauti za Wananchi ulitumia njia nyepesi: kaya zipatazo 2,000 za Tanzania Bara zilichaguliwa kwa bahati nasibu, zikapewa simu na chaja za sola, kisha zikapigiwa mara kwa mara kuulizwa kuhusu chakula, maji, kodi na uongozi. Matokeo yalitolewa kwa Kiswahili, redio zikayachukua.

Julai 2018 utafiti wa Twaweza ulionyesha waliomkubali Rais John Magufuli wamefika asilimia 55, kutoka 96 mwaka 2016. Tume ya Sayansi na Teknolojia iliitaka Twaweza ijieleze kuhusu kibali, na mkurugenzi wa shirika hilo, Aidan Eyakuze, akanyang'anywa pasipoti. Septemba Bunge likarekebisha Sheria ya Takwimu, ikawa kosa la jinai kutangaza takwimu zinazopotosha zile rasmi. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake, na Juni 2019 sheria hiyo ikalegezwa.

Namba ya mtafiti inaweza kukosewa; dawa yake ni namba nyingine iliyofanyiwa kazi vizuri zaidi, wala si polisi. Taasisi hizi nazo zina deni: zilete matokeo yao Buzuruga, kwa Kiswahili, kabla ya bajeti kusomwa kila Juni. Nasi wananchi tuyadai, kisha tumuulize diwani na mbunge wetu yamebadili nini.