Rubani wa Miaka 21 na Maji ya Möhne

Usiku wa kuamkia Mei 17, 1943, ndege 19 aina ya Lancaster za Kikosi cha 617 cha Jeshi la Anga la Uingereza ziliruka kwenda kubomoa mabwawa ya Ujerumani magharibi. Nane hazikurudi. Kati ya watu 133 waliokuwamo, 53 walikufa na watatu wakatekwa. Miongoni mwa waliokufa ni rubani Henry Maudslay, mwenye umri wa miaka 21. Makala hii inadai kwamba kijana huyu anastahili kukumbukwa kwa jina, na kwamba kumbukumbu yake haitakuwa ya kweli ikiwa itawaacha nje waliokufa chini ya ndege za kikosi chake.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa kuwa anayemsifu bila kuijua humsifu mtu mwingine. Bomu walilopewa lilikuwa na umbo la pipa na uzito wa zaidi ya tani 4. Lilizungushwa kinyumenyume mara 500 kwa dakika, kisha likaachiwa lidunde juu ya maji mpaka lifike ukutani. Lilipaswa kuachiwa kutoka mita 18 tu, kimo ambacho vipimo vya kawaida vya ndege havikuweza kuaminika. Kwa hiyo zilifungwa taa mbili tumboni mwa ndege: madoa yake mawili ya mwanga yakigusana juu ya maji, rubani alijua kimo kimetimia. Bwawa la Eder, moja ya mabwawa waliyolengwa, halikuwa na mizinga, lakini milima imelibana. Ilibidi kuteremka kwa kasi kutoka upande wa ngome ya Waldeck, kukata kona, kisha kunyooka kwa sekunde chache. Maudslay alijaribu zaidi ya mara moja. Hatimaye bomu lake liliachiwa kwa kuchelewa, likagonga ukingo wa juu wa ukuta na kulipuka. Alipoitwa kwa redio, jibu lake lilisikika kwa unyonge. Akiwa njiani kurudi, karibu na Emmerich, mizinga ya kutungulia ndege ilimwangusha. Yeye na wenzake sita wote walikufa.

Umuhimu wa kumtaja mmoja unaonekana tukitazama jumla. Kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza ilipoteza watu 55,573 kati ya takribani 125,000 waliorushwa vitani, na wote walikuwa wamejitolea kuruka. Idadi kama hiyo humeza nyuso. Ndiyo maana mnara wa Runnymede, uliozinduliwa mwaka 1953, unaorodhesha zaidi ya wanajeshi wa anga 20,000 wasio na kaburi linalojulikana, jina kwa jina. Lakini kuandikwa jina ni uamuzi wa watu. Tume iliyojenga Runnymede ndiyo iliyosimamisha Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam mwaka 1927, kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, bila jina hata moja la mtu. Mwaka 2021 tume hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikiwa kukosa jina kuliwadhulumu wapagazi wetu, kunawadhulumu pia waliozama katika bonde la Möhne, bwawa jingine ambalo kikosi cha Maudslay kililibomoa usiku uleule.

Ni akina nani hao? Ukuta wa Möhne ulipopasuka, maji yaliufikia mji wa Neheim, ambako kulikuwa na kambi ya wanawake waliotolewa kwao, wengi kutoka Ukraine na sehemu nyingine za Muungano wa Kisovieti, wakalazimishwa kufanya kazi viwandani. Makadirio ya waliokufa katika mafuriko ya usiku ule huanzia 1,300 hadi 1,600, na zaidi ya nusu yao walikuwa vibarua wa kulazimishwa na wafungwa wa vita. Wapiganapo tembo nyasi huumia; hapa nyasi zilikuwa tayari zimeng'olewa kwao na kutupwa mbali.

Wapo watakaosema kuwataja hao ni kumlinganisha mchokozi na mchokozwa. Pingamizi hili lingekuwa na uzito kama waliozama wangekuwa walinzi wa utawala wa Hitler. Wanawake wa Neheim walikuwa mateka wake. Pingamizi la pili ni kali zaidi: bomu la Maudslay halikubomoa kitu, basi vifo vile vinamhusu vipi? Jibu ni kwamba kumbukumbu si hukumu ya mahakama. Alikuwa angani juu ya Möhne ukuta ulipopasuka, akaenda Eder kufanya kazi ileile. Kumwondoa katika tendo hilo ni kumnyima pia ushujaa wake, kwani ushujaa huo ulikuwa ndani ya tendo hilo. Wengine husema tunawahukumu wa jana kwa macho ya leo. Ni kweli kwamba Itifaki ya kulinda mabwawa vitani ilikuja mwaka 1977, na haimhukumu aliyekufa 1943. Lakini Februari 1944, vita vikiendelea, Askofu George Bell alisimama katika Bunge la Mabwana, London, akahoji ulipuaji wa miji. Swali hilo ni la zama zao wenyewe.

Wala sitaki lisilowezekana. Mnara wa kamandi ile ya ndege za mabomu, uliozinduliwa Green Park, London, mwaka 2012, unawataja watu wa mataifa yote waliouawa kwa mabomu, ingawa kwa sentensi moja isiyo na idadi. Kituo cha kumbukumbu ya kamandi hiyo mjini Lincoln, kilichofunguliwa mwaka 2018, kina kuta zenye majina karibu 58,000, na hifadhi yake inakusanya pia ushuhuda wa walioangukiwa na mabomu. Wanaoandaa vibao, filamu na vitabu vya shule kuhusu usiku ule na waandike 53 na 1,300 katika ukurasa mmoja, kisha waandike: Henry Maudslay, rubani, miaka 21.